Zabuni ya Makofi

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Wakuu wake wenyewe wamelisema hilo mara nyingi, na si adabu kubishana na wakuu. Jina lake ni mali ya serikali, halitajwi bila kibali, kwa hiyo humu itaitwa Nchi, basi. Atakayedhani ameitambua, shauri yake.

Kwenye pembe ya Nchi, pale barabara inapochoka na kugeuka njia ya ngiri, pana msitu, na katikati ya msitu pana kilima kinachoitwa Nderu. Wanaokaa hapo ni Waseku. Walikuwapo kabla Nchi haijawa Nchi, wakirina asali, wakichimba viazi mwitu na kutega digidigi, na kwa kosa hilo la kutangulia wakapewa jina la "wenyeji," ambalo katika lugha ya ofisi za Nchi maana yake ni watu wanaosubiri mgeni awaonyeshe pa kukaa.

Sidori alikuwa mmoja wao: mjane wa makamo, mwepesi wa kupanda miti kuliko vijana wengi, na mwenye Kiswahili kizuri alichokiokota barabarani akiwauzia asali madereva wa malori. Alikuwa na binti mmoja, Lawesi, na Lawesi alikuwa mja mzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ya tatu ilikuwa imeshika, na Sidori aliichunga kama mtu aliyebeba maji kiganjani.

Waseku wana jambo lao. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka hupelekwa Nderu kikafukiwa chini ya mti unaochanua wakati huo. Tangu hapo mti ni wake. Nyuki wa mti huo ni wake, asali ni yake, na akifa ndugu zake hukaa chini yake wakamlilia. Asiye na mti Nderu hana asali, wala hana pa kuliliwa. Sidori alikuwa ameshauwekea jicho mgunga mmoja mteremkoni, akikisia kwamba ndio utakaochanua mjukuu wake akifika, na kila alipopita alisimama akaukagua.

Kwa bahati mbaya, chini ya mgunga huo palikuwa na maendeleo.

Waliyagundua wataalamu waliokuja na nyundo. Waligonga mwamba, wakaulamba, wakatikisa vichwa, na siku chache baadaye redio ya Nchi ikatangaza kwamba Nderu imejaa zirani. Zirani ni madini adimu sana. Hutengenezewa kengele ndogo inayokaa ndani ya simu na kumkumbusha tajiri wa ng'ambo kwamba ni wakati wa kunywa maji. Bila kengele hiyo matajiri wengi wangekaa na kiu bila kujua. Nchi ikaona haiwezi kuutazama msiba huo na kunyamaza, ikaunda mara moja Kampuni ya Chimba Tugawane. Kuchimba kulikuwa kwa kampuni, kugawana kulikuwa kwa wakubwa, na Waseku waliahidiwa nafasi yote iliyo kati ya maneno hayo mawili.

Lakini Nchi ni ya sheria. Sheria ya Ridhaa inasema kilima chenye watu hakichimbwi mpaka watu wake waridhie, na kwa ajili hiyo kuna Idara ya Ridhaa, ambayo mkurugenzi wake alikuwa Bwana Takrima, mtu wa suti ya kijivu na macho mepesi kulengwalengwa na machozi. Bwana Takrima alifika Nderu na kisanduku cheupe chenye mshale usoni, mfano wa mizani ya bucha. Kiliitwa kipima makofi.

"Ndugu wenyeji," alisema, "itifaki imezingatiwa."

Kisha akahutubia asubuhi nzima. Alieleza kwamba kilima kikiondolewa Waseku wataona mbali zaidi. Alieleza kwamba nyuki nao watapewa fursa ya kujiajiri kwingineko. Jua lilipofika utosini akafuta jasho, akasema, "Kwa hayo machache," akasubiri.

Hapa inabidi kueleza jambo jingine la Waseku, dogo sana, ambalo hakuna mtaalamu aliyejisumbua kuliuliza. Mseku hapigi makofi kwa furaha. Akifurahi hucheka. Makofi ni ya kumfukuzia nyani aliyevamia chakula, na ni ya mgeni aliyekaa hadi akapitiliza. Mwenye nyumba hupiga makofi mawili matatu kwa upole, mgeni akaelewa kwamba njia anaijua, akainuka, na hakuna aliyetukanwa. Ni ustaarabu wao.

Waseku wakapiga makofi. Mshale wa kisanduku ukaruka hadi katikati.

Bwana Takrima akaingiwa na furaha, akaongeza maneno. Waseku wakatazamana. Mgeni gani huyu asiyesikia? Wakainuka wote, wakapiga makofi kwa nguvu huku wamemwelekezea barabarani. Bibi Gamanda, shangazi yake Sidori, mwanamke mzee mwenye hasira za karibu, alimfuata hadi mlangoni mwa gari akimpigia sikioni kabisa. Mshale ulifika mwisho wa kisanduku ukapinda. Bwana Takrima alitoa leso akalia. Taarifa ya redio jioni ile ilisema kwamba tangu Nchi ianze kupima ridhaa haijapata kuona ridhaa ya namna hiyo, na kwamba wenyeji walizidiwa na furaha hata wakausindikiza msafara kwa makofi hadi mto wa kwanza.

"Angalau ameelewa," Sidori alimwambia binti yake wakirudi nyumbani. "Ana masikio mazito, lakini ameondoka."

Walilala usingizi mzuri. Wiki iliyofuata zikaja katapila.

Zilipangwa chini ya kilima, za rangi ya manjano, zikingoja uzinduzi, kwa sababu katika Nchi hata shimo halichimbwi bila uzinduzi. Pamoja nazo alikuja tena Bwana Takrima, safari hii kwa ajili ya Sheria ya Ushiriki, inayotaka wenyeji washiriki kiuchumi. Alihitajika Mseku mmoja wa kukaa kwenye bodi ya kampuni. Akateuliwa Sidori, kwa kuwa alijua Kiswahili na alikuwa amesimama karibu na gari. Cheo chake kilikuwa Mjumbe wa Bodi Anayewakilisha Uasili.

Siku ya kikao jijini alivaa kanga yake nzuri. Wakamvua wakamvika ngozi ya chui waliyoazima kwenye kikundi cha ngoma cha polisi.

"Baba, kwetu hatuvai hii," alisema Sidori. "Kwetu tukimwona chui tunakimbia."

"Mama, wewe ndiye uasili wenyewe," alisema Bwana Takrima kwa heshima. "Tafadhali usituharibie."

Ukumbini Mwenyekiti wa bodi, mzee mnene wa miwani, alisimama akasema itifaki imezingatiwa, na wajumbe wote wakasinzia palepale. Mwenyekiti akahutubia. Akafika kwenye "kwa hayo machache," akasubiri. Kimya. Akajaza maneno mengine, akafika tena kwenye hayo machache, kimya. Shingo ilimlowa jasho, sauti ikaanza kumtetemeka, lakini hakukaa wala hakunyamaza. Sidori akamwonea huruma. Akamgeukia binti wa itifaki aliyekuwa akimimina chai.

"Mwanangu, huyu baba ana nini? Mbona hapumziki?"

"Hawezi, mama," binti alinong'ona. "Hotuba haiishi mpaka ipigiwe makofi. Ndiyo itifaki. Na afadhali huyu, yeye akinyamaza bila makofi anapoteza posho tu. Mheshimiwa mwenyewe, mkuu wa Nchi, akinyamaza bila makofi, Katiba inahesabu amejiuzulu."

Wakati huohuo mjumbe mmoja akazinduka usingizini, akapiga makofi kwa mazoea, na wengine wakaamka wakadakia. Sidori akainama kwa aibu. Mtu mzima, mwenye wajukuu bila shaka, anafukuzwa na ukumbi mzima! Alipoinua macho alimkuta Mwenyekiti ameketi, anatabasamu, anapokea pongezi.

"Mbona wamemfukuza na hajaondoka?" aliuliza.

Binti wa itifaki alicheka hadi akaweka birika chini. Kisha akamweleza makofi ni nini katika Nchi. Sidori alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza macho yalimtoka pima. Alikumbuka ule mkutano wa Nderu, alimkumbuka Bibi Gamanda mlangoni mwa gari, akakumbuka viganja vyake mwenyewe vilivyokuwa vikiwaka moto kwa kupiga. Walikuwa wamekiuza kilima kwa mikono yao.

Alimfuata Bwana Takrima ofisini kwake bila hata kuvua chui.

"Baba, pana kosa. Siku ile hatukuridhia. Tulikuwa tunakufukuza."

Bwana Takrima hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Mama yangu, ridhaa ikishapimwa imepimwa. Hata hivyo serikali ni sikivu. Kama mna maoni mapya, tutaitisha mkutano, mtayatoa."

"Tutayatoa vipi?"

"Kwa makofi."

"Na tukinyamaza?"

"Mtakuwa mmeafiki kwa utulivu."

"Tukilia je?"

"Machozi ya furaha. Yana fungu lake kwenye taarifa."

"Tukihama?"

"Mtakuwa mmeupisha mradi kwa hiari, na hapo mnapewa cheti." Macho yakamlenga machozi. "Mama, sheria imewafikiria kila upande. Hakuna mlango ambao mkitokea hamtakuwa mmeshiriki."

Sidori alirudi kwao amekufa ganzi. Alipanda Nderu, akakaa chini ya mti wake mwenyewe, mkwaju wenye mizinga minne, akalia kilio cha mtu aliyefiwa. Aliogopa. Kuhama hakukumtisha, maana Waseku huhama na nyuki kila mwaka na kurudi. Alichokiogopa ni kitovu. Mjukuu wake angezaliwa wiki chache zijazo, na angewekwa duniani bila mti, kama mzigo ulioshushwa njiani. Alishuka jioni, akamkuta Lawesi anakoka moto, akamtazama tumbo. Lakini usingizini alimwota Mwenyekiti wa bodi, amelowa jasho, hawezi kukaa. Asubuhi aliamka amekunja uso, na waliomfahamu walijua kwamba pana jambo analolipika.

Kikao cha pili cha bodi kilikuwa cha kuwauliza wenyeji wanataka kushiriki vipi. Wajumbe walikuwa wamejiandaa vizuri. Walikuwa na sababu za kukataa hisa, sababu za kukataa zahanati, na sababu tatu tofauti za kukataa kisima.

"Mjumbe wa Uasili," alisema Mwenyekiti, "sema mnachotaka. Usiogope, utakataliwa kwa heshima."

Sidori alisimama. "Tunaomba makofi."

Wajumbe wakaamka.

"Katika sherehe zote za mradi huu," alisema, "makofi yapigwe na Waseku peke yao. Yasiletwe ya jijini. Mtu wa nje akipiga hata moja, awe ametunyang'anya riziki, ashikwe. Mengine yote chukueni nyinyi."

Kilikuwa kitu cha kwanza kuombwa na wenyeji ambacho hakikuwa na gharama, na bodi haikuamini bahati yake. Walikipitisha kabla chai haijapoa. Wakili wa kampuni akakitia makali: Zabuni ya Makofi, asilimia mia moja kwa wazawa, na adhabu kali kwa mvamizi yeyote bila kujali cheo chake. Bwana Takrima alilia waziwazi. Alisema huu ndio ushiriki aliouota tangu akiwa chuoni, na kwamba hatimaye Waseku wameanza kufikiri kibiashara.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza Waseku wenyewe.

"Yaani mgeni aje," alisema Bibi Gamanda, "aseme hadi apitilize, na mimi nikae kimya nimtazame? Kwetu huko ni kumwambia karibu, ongeza siku!"

"Ndivyo, shangazi."

"Mtu anayetaka kunichimbia mti wa mama yangu, nimwambie karibu?"

"Ukimfukuza ataondoka, shangazi, lakini mashine zitabaki. Ukimkaribisha, atakaa yeye na mashine hazitawashwa. Mimi pia naumia. Lakini tumbo la Lawesi unaliona."

Bibi Gamanda aliliona. Alifunga mikono kwapani, akaapa kwa mti wake kwamba haitoki humo, huku machozi ya hasira yakimtiririka.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa mwenyewe alikuja. Ulifungwa utepe mwekundu mbele ya katapila, na ratiba ikasomwa ili kila mtu aelewe: Mheshimiwa atahutubia, hotuba itapigiwa makofi, utepe utakatwa, mitambo itanguruma. Hakuna la pili kabla ya la kwanza. Waseku walikaa mbele wote, wamevalishwa fulana zilizoandikwa MAKOFI YETU, AJIRA YETU. Bwana Takrima alikaa pembeni na kipima makofi kipya, kikubwa zaidi, kisije kikapinda.

"Itifaki imezingatiwa," alisema Mheshimiwa. Alihutubia vizuri sana. "Kwa hayo machache," alisema, akaweka mikono nyuma, akasubiri.

Zilisikika sauti za nyuki.

Mheshimiwa akadhani hawakumwelewa, akawafafanulia. Akawapongeza kwa usikivu wao. Akasimulia alivyokuwa akitembea kwenda shule. "Kwa hayo machache." Nyuki. Waziri wa Shukrani hakustahimili, akapiga kofi moja, na kabla hajaliongezea la pili askari walikuwa wamemdaka kwa kosa la wizi wa makofi ya wenyeji. Alipelekwa akilia kwamba ulikuwa mkono wa mazoea. Makamu wa Mheshimiwa, mtu mtulivu, aliikalia mikono yake, akamtazama mkubwa wake kwa upendo, tena hasa mdomoni, asije akapitwa pindi utakapofumba.

Mdomo haukufumba. Mheshimiwa aliisoma hotuba upya, kisha akaisoma kuanzia chini kwenda juu. Akasoma hotuba za waliomtangulia. Akasoma maelezo ya dawa yake ya mgongo. Aliletewa uji akaunywa huku akihutubia, na usingizi ulipomshika kipaza sauti kilisogezwa karibu na pua, na mkoromo ukaingizwa kwenye kumbukumbu kama msimamo wa serikali.

Bwana Takrima alimjia Sidori akitambaa.

"Mama, piga japo moja."

"Mgeni bado anasema vizuri, baba. Kwetu hatumkatishi mgeni."

"Mna mkataba! Zabuni ya makofi ni yenu!"

"Ni yetu kweli," alisema Sidori. "Mkataba haukusema lini."

Bwana Takrima alikisoma kile kifungu mara mbili, akalia, na safari hii machozi hayakuwa na fungu lolote. Akarudi na zahanati. Akarudi na kisima, na shule, na hisa, vitu vyote ambavyo kwa miaka havikuwa vikipatikana na sasa vilipatikana mchana mmoja. Waseku walipokea zahanati na kisima, wakashukuru kwa kucheka, kama ilivyo desturi yao.

Mvua zikaja. Katapila zikazama hadi magurudumuni, majani yakazipanda, na kundi la nyuki likahamia ndani ya kijiko kimoja kikubwa likajenga humo. Waseku walipokezana kukaa mbele, ukoo kwa ukoo, kwa kuwa mgeni haachwi peke yake. Haikuwa kazi nyepesi. Mbu walishuka jioni kwa makundi, na kumuua mbu kunataka viganja viwili. Waliwaacha wanywe.

Lawesi alijifungua kwenye zahanati mpya, mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Kitovu kilipodondoka Sidori alikifunga kwenye jani, akapita kando ya utepe uliokuwa umefifia, akapanda Nderu. Mgunga mteremkoni ulikuwa umechanua wote. Aliufukia mkono wake hadi kiwiko kwenye udongo, akakiweka kitovu, akakifunika, na kisha akakaa pale akicheka peke yake kwa sauti kubwa, huku chini kule vipaza sauti vikieleza umuhimu wa zirani. Hajawahi kufurahi namna ile maishani mwake.

Mtoto akakua. Akaanza kukaa mwenyewe, na ilipofika zamu ya ukoo wao Sidori alikuwa akimpakata mstari wa mbele. Jioni moja mtoto alimkazia macho Mheshimiwa. Alimtazama ndevu zilizomfika kifuani, akamsikiliza kwa muda, kisha akakunja uso kama wakunjavyo watu wa kwao wakichoshwa na mgeni. Hakuna aliyemfundisha. Akaitanua mikono yake miwili, viganja wazi.

Mheshimiwa aliona. Sauti ikamkauka katikati ya sentensi, lakini akaivuta. Waliobaki wa msafara wakainuka vitini. Makamu akafumba macho. Bwana Takrima alikishika kisanduku kwa mikono miwili, na mshale ukaanza kutetemeka wenyewe.

"Bado, mume wangu," Sidori alimnong'oneza mjukuu wake. "Mwache baba wa watu aseme."

Akavunja sega vipande viwili, akamtia kimoja katika kila kiganja. Vidole vidogo vikajifunga juu ya asali. Mtoto aliutazama mkono huu, akautazama ule, akaanza kulamba.

"Kwa hayo machache," alisema Mheshimiwa, akasubiri.

Kisha akameza mate, akaikunjua karatasi iliyochakaa, akaishika vizuri.

"Itifaki imezingatiwa," akasema.